Risiti Namba 317

Jumatano, saa kumi na moja jioni, uliniletea viatu,
vya kahawia, vya kamba, soli imelika kushoto.
Nikakuambia: unaegemea upande mmoja, binti.
Ukacheka. Ukasema: ni ndoo.
Miaka sita naibeba kwa mkono huu huu,
ngazi za Madrid nzima nimezipiga deki.
Nikaandika: Viorica. Visigino viwili. Kesho jioni.
Ukalipa nusu, ukaondoka na raba miguuni.

Kesho yake treni ya saa moja na nusu
haikufika mjini.

Nilikuwa nakoroga gundi. Kioo cha dirisha
kilitikisika kama jino bovu, kikatulia,
kikatikisika tena. Nikadhani lori la gesi.
Kisha wa ghorofani wakaanza kutupa mablanketi,
bila kuulizana, dirisha baada ya dirisha:
la mtoto, la harusi, la kulalia mbwa,
vijana wakayadaka, wakakimbia nayo relini.

Ya relini sitayasema.
Tuling'oa benchi la kituo likawa machela,
nikashika ncha moja; aliyeshika ya pili
sikumjua, na hadi leo simjui.
Nitasema hili tu: simu zililia.
Ndani ya mikoba, ndani ya makoti,
kila moja na kiwimbo chake cha kipuuzi,
nasi tulikatazwa kuzipokea.

Jioni nilifungua duka.
Usiniulize kwa nini. Nilikuandikia: kesho jioni.
Nikagonga visigino, nikapiga rangi,
nikangoja mpaka saa nne.

Jumamosi gazeti lilitoa majina, safu kwa safu.
Sikuyasoma. Nilizikunja kurasa zile
nikazishindilia ndani ya viatu vyako
visije vikapoteza umbo.

Na nikiri jambo.
Driss, muuza mboga, tunagawana ukuta,
miaka kumi na mmoja tunaazimana ngazi na sukari.
Wiki ile nilipita mlangoni pake
nikijifanya natafuta funguo mfukoni.
Usiku mtu alivunja kioo chake. Nilisikia.
Nikageukia upande wa pili wa kitanda.
Asubuhi nilimkuta anafagia vigae,
vya kwake, na vilivyorukia kizingitini kwangu.
Nikasema: habari za asubuhi.
Akaitikia.
Hilo ndilo lililoniuma, kwamba aliitikia.
Binamu yake alikuwa behewa la nne.
Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

Baadaye ikaja kesi, yakaja mashada,
wakaja wakubwa waliogombea vumbi
kabla halijatua, kila mmoja akitaka
liangukie bega la mwenzake.
Wakajenga mnara. Ni mzuri, mnara wenyewe.
Nimeupita mara mbili nikienda kununua misumari.

Watu husema wakati ni tabibu.
Mimi ni fundi viatu: najua wakati hukausha ngozi.
Ngozi isiyovaliwa hupasuka yenyewe, rafuni,
hakuna aliyeigusa.
Kwa hiyo kila Machi navishusha,
navipaka mafuta kwa kidole, polepole,
mikunjoni, pale mguu wako ulipopinda.

Binti yangu Nuria husema:
toa hayo magazeti, baba, usome, umalize.
Mkono hufika hadi kwenye ulimi wa kiatu.
Karatasi imekuwa njano, ngumu kama mkate wa juzi.
Labda humo hamna jina lako.
Labda siku ile ulichelewa, ukapata kazi Valencia,
ukanunua jozi nyingine, na fundi wa huko
amekuambia: unaegemea upande mmoja, mama,
nawe umecheka.

Unanidai viatu. Nakudai nusu ya bei.
Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga;
hili langu nalitunza kama moto wa jikoni.
Duka hufungwa saa mbili usiku.
Alhamisi huchelewa kidogo.